Neno «na» linapompoteza mgonjwa katika kanzidata

Kumbukumbu za kielektroniki za wagonjwa zimerahisisha kazi iliyokuwa ikimaliza siku nzima ya kupekua majalada. Muuguzi huandika maneno machache katika kisanduku cha kutafutia, akabonyeza, orodha ikatokea. Urahisi huo, hata hivyo, umeficha hatua moja muhimu. Maneno ya muuguzi hayafiki kwenye kanzidata kama yalivyoandikwa. Programu huyasoma kwanza, ikayageuza kuwa swali la lugha ya kanzidata, ambayo mara nyingi ni SQL, ndipo ikalipeleka. Ikikosea katika kugeuza, kompyuta haitoi onyo lolote. Hutoa orodha safi, iliyopangwa vizuri, ambayo si ile iliyoombwa.

Msingi wa utafutaji huu ni mantiki ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kikuu kuhusu sheria za fikra mwaka 1854. Viunganishi vyake vinavyotumika zaidi ni vitatu. AND hubakiza rekodi zenye sifa zote zilizotajwa. OR hukusanya rekodi zenye walau sifa moja. NOT huondoa zenye sifa fulani. Mantiki yenyewe haina utata. Utata umo katika lugha ya binadamu.

Kiswahili kina utata wake katika jambo hili. Daktari akiomba «orodha ya wagonjwa wa kisukari na shinikizo la juu la damu», anaweza kumaanisha wenye maradhi yote mawili kwa pamoja, au makundi yote mawili katika orodha moja. Binadamu mwenzake huelewa kutokana na muktadha. Programu inayogeuza kila «na» kuwa AND haina muktadha. Chukua mfano wa kliniki yenye wagonjwa 300 wa kisukari na 500 wa shinikizo la damu, ambao 120 kati yao wana yote mawili. Anayetaka kuwaita wote kliniki anahitaji watu 680. Programu itampa 120. Wengine 560 hawataitwa, na hakuna atakayejua kwamba waliachwa.

Hatari ya pili inatokana na kuchanganya viunganishi bila mabano. Mkunga anayewatafuta wajawazito wenye malaria au homa anaweza kuandika: malaria OR homa AND ujauzito. SQL hushughulikia AND kabla ya OR, kama vile hesabu inavyotanguliza kuzidisha kabla ya kujumlisha. Kwa hiyo itarudisha wagonjwa wote wa malaria, wanaume na watoto wakiwamo, pamoja na wajawazito wenye homa. PubMed, hazina ya marejeo ya tiba inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo maneno hayohayo yatatoa maana aliyoikusudia mkunga. Sentensi moja, mifumo miwili, majibu mawili. Wala kubadili mpangilio wa maneno si dawa, kwani ujauzito AND malaria OR homa itawaleta wenye homa wote katika mifumo yote miwili. Kinachotibu ni mabano: (malaria OR homa) AND ujauzito.

Hatari ya tatu ndiyo iliyojificha zaidi, nayo imo katika NOT. Valproeti, dawa ya kifafa, inaweza kusababisha kasoro za maumbile kwa mtoto aliye tumboni. Ni busara basi kliniki kuwatafuta wanawake wanaoitumia ambao hawatumii uzazi wa mpango, ili wapewe ushauri. Lakini katika SQL, sehemu iliyoachwa tupu si «ndiyo» wala «hapana», haijulikani. Sharti la kawaida linalotaka uzazi wa mpango usiwe «ndiyo» huziruka rekodi zilizo tupu. Matokeo yake, mwanamke ambaye hakuwahi kuulizwa, anayehitaji ushauri kuliko wote, hatokei katika orodha.

Wapo wanaopendekeza kila pengo lihesabiwe kuwa «hapana». Pendekezo hilo linahamisha hatari tu. Mgonjwa ambaye hakuulizwa kama ana mzio wa penisilini atahesabiwa kuwa hana mzio. Njia salama ni mfumo kuonyesha makundi matatu: waliosema ndiyo, waliosema hapana, na ambao taarifa zao hazipo.

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba watumishi wa afya wafundishwe kuandika mabano vizuri. Mafunzo yanafaa, na wakutubi wa vyuo vya tiba ni walimu wazuri wa jambo hilo. Lakini si haki kumbebesha mzigo wote muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni. Mjenzi wa mfumo ana wajibu mkubwa zaidi. Badala ya kutegemea «na» na «au», kisanduku kinaweza kutoa chaguo mbili zilizo wazi: «sifa zote kwa pamoja» na «yoyote kati ya sifa hizi». Viunganishi vikichanganywa bila mabano, programu isikisie, bali iulize. Kuuliza si ujinga, hata kwa mashine.

Zaidi ya hayo, kila orodha itanguliwe na sentensi moja ya Kiswahili fasaha inayoeleza jinsi swali lilivyoeleweka: «Umeomba wajawazito wenye malaria, homa, au vyote viwili, rekodi kadhaa hazina taarifa ya ujauzito.» Jambo hili si geni. PubMed huongeza istilahi zake rasmi kwenye maneno ya mtafutaji, lakini humruhusu kufungua na kusoma swali kamili lililotumika. Akili bandia nayo, ambayo wengi wanaitumaini iondoe tatizo hili, inapaswa kubanwa na sharti hilohilo, kwa kuwa kukisia kwa ufasaha kungali ni kukisia.

Kabla mfumo haujapokewa, kituo kiujaribu kwa majalada machache ambayo majibu yake yanajulikana kwa hesabu ya mkono. Orodha ya kompyuta ikitofautiana na ya mkono, sababu itafutwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kusajiliwa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anapoulizwa tena kuhusu mzio, ujauzito au dawa anazotumia, asidhani anasumbuliwa. Jibu lake huziba pengo ambalo lingeweza kumwondoa katika orodha siku anapotafutwa. Aliyengoja mwito wa kliniki usifike anayo haki ya kwenda kuuliza kama jina lake limo, na mtumishi anayempokea anao wajibu wa kutazama kilichoulizwa kabla ya kuamini kilichojibiwa.