Tumpime Raila kwa mizani, si kwa machozi

Tangu Raila Amolo Odinga afariki dunia nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, mazungumzo juu yake hayajakoma mabarazani, kuanzia Mtwapa hadi Marafa. Wapo wanaomtaja kama mtu asiyepata kukosea hata siku moja, na kwamba kila alipoanguka aliangushwa. Wapo pia wanaosema kuwa mtu aliyewania urais mara tano, yaani mwaka 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, asiupate hata mara moja, hana jambo la kumfunza kijana wa leo. Kauli zote mbili zimeingia madarasani, na walimu wa historia na uraia wanalazimika kuzijibu.

Desturi yetu watu wa Pwani ni kumsitiri maiti. Ni desturi njema, nasi hatuna nia ya kuivunja. Lakini kumsitiri mtu katika mambo ya nyumbani kwake ni jambo moja, na kuyapima matendo yake ya hadhara, yaliyogusa maisha ya mamilioni, ni jambo jingine. Mwalimu hasahihishi karatasi ya mtihani kwa kutazama jina lililoandikwa juu yake. Marehemu mwenyewe alipata kuwa mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mhandisi hupima kwanza ndipo akasema.

Na tuanze na hesabu. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, naye Raila akapata kura 6,942,930. Tofauti ilikuwa kura 233,211. Makamishna wanne wa Tume ya Uchaguzi waliyakana matokeo hayo, na shauri likafika katika Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 5 Septemba 2022 ilitoa uamuzi wa pamoja, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba madai ya wizi hayakuthibitishwa. Huo ndio msimamo wa sheria, na ndio tunaoushika.

Sasa tutazame nyumbani. Kaunti ya Kilifi ilikuwa na wapiga kura zaidi ya nusu milioni katika daftari. Karibu nusu yao hawakutokea. Mombasa ilikuwa ya mwisho nchini kote kwa idadi ya waliojitokeza. Huko nako uchaguzi wa gavana ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya makosa katika karatasi za kura, jambo ambalo bila shaka liliwapunguzia watu hamu. Lakini Kilifi ilikuwa na karatasi zake zote sita. Waliokaa nyumbani Kilifi peke yake walikuwa wengi kuliko tofauti iliyomnyima Raila Ikulu. Walimu wa hesabu watatukosoa mara moja kwamba si wote hao wangempigia yeye, na ni kweli. Kilifi pekee isingemwokoa. Lakini hapa ni mahali alipoongoza kwa tofauti kubwa, na Pwani nzima ingalijitokeza kwa kiwango cha mikoa mingine, mambo yangalikaribiana mno. Kwa hiyo swali la haki si nani aliyeiba kura tu. Ni kwa nini ngome yake ililala usingizi siku ya vita.

Jibu la kwanza ni uamuzi wake wa kuingia uwanjani akiwa mgombea wa serikali. Tarehe 9 Machi 2018 alipeana mkono na Rais Uhuru Kenyatta katika jumba la Harambee, na nchi iliyokuwa ikichemka ikapoa. Hilo lilikuwa jema. Lakini kufikia mwaka 2022 amani ile ilikuwa imegeuka kuwa mzigo begani mwake. Mtu ambaye kwa miaka arobaini watu walimjua kama sauti ya wanaoonewa, alisimama jukwaani akisindikizwa na mawaziri na wakuu wa wilaya.

Kwa Pwani mzigo huo ulikuwa na jina. Baada ya reli mpya kujengwa, serikali iliamuru mizigo ya bandari ya Mombasa ipelekwe bara kwa garimoshi ikatolewe ushuru huko. Madereva, makuli, mawakala wa forodha, wenye gereji na mama ntilie wa njia nzima ya Mombasa wakakosa riziki, na vijana wa Kaloleni, Rabai na Mariakani walikuwa miongoni mwao. Ruto alikuwa naibu wa rais katika serikali hiyo hiyo tangu mwanzo hadi mwisho wake, lakini alijua kusimama nje ya nyumba akaishutumu paa inayovuja. Aliahidi kuirudisha kazi hiyo Mombasa, na siku alipoapishwa, tarehe 13 Septemba 2022, akatoa amri. Raila ndiye aliyepaswa kuwa msemaji wa madai hayo. Hata alipoyagusa, maneno yalikuwa mazito kinywani mwake, kwa kuwa mwenye kuitoa amri ile ya kwanza ndiye aliyekuwa akimwunga mkono.

Jibu la pili ni kwamba aliiona Pwani kama akiba iliyo kabatini. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na pengine wasaidizi wake waliamini kwamba Mpwani atalalamika weee, kisha siku ya kura atarudi. Mwezi Machi 2016, katika uchaguzi mdogo wa Malindi, serikali ya Jubilee iliweka nguvu zake zote, na bado wananchi wakamchagua mgombea wa ODM. Ushindi ule ulileweza. Desemba 2020, kule Msambweni, mgombea huru aliyeungwa mkono na Ruto akamshinda mgombea wa ODM. Hiyo ilikuwa kengele, na haikusikilizwa.

Kisha ikaja habari ya Amason Kingi, gavana wa Kilifi kwa vipindi viwili. Kingi alitaka Wapwani wawe na chama chao, akaunda PAA, akaingia katika muungano wa Azimio la Umoja, na mwezi Mei 2022, ikiwa imebaki miezi michache, akahamia upande wa Ruto. Hatusemi kwamba Kingi hakuwa na maslahi yake. Tarehe 8 Septemba mwaka huo alichaguliwa Spika wa Seneti, na kila mwenye macho aliona. Lakini kiongozi hupimwa kwa jinsi anavyowaweka wenzake. Dai la watu wa Pwani kutaka meza yao wenyewe lilionekana Nairobi kama utovu wa adabu, ilhali vyama vya sehemu nyingine vilikaribishwa kwa mazulia. Ganze na Rabai zikampa PAA wabunge, Kilifi Kaskazini ikachagua mbunge wa UDA, na ingawa ODM ilipata ugavana kwa Gideon Mung'aro, ngome ilikuwa imekwisha kupata nyufa.

Jibu la tatu ni matayarisho. Muungano ulikuwa na vyama vingi na wakuu wengi, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye funguo. Kumteua Martha Karua mgombea mwenza tarehe 16 Mei 2022 kulikuwa kitendo cha kijasiri, nasi twakisifu. Lakini ujasiri wa jukwaani haulindi kura kituoni. Kazi ya mawakala, yaani kumweka mtu mwaminifu katika kila kituo, alipwe, ale, na arudi na fomu yake, haina shangwe wala muziki. Wakuu wa Azimio wamelaumiana hadharani juu ya jambo hilo baada ya kushindwa, na hayo yatosha kuwa ushahidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hayo ni makosa ya kampeni. Je, ni makosa ya tabia? Hapa ndipo tunapowaomba walimu wawe waangalifu, kwa sababu wanafunzi hupenda kuruka kutoka jambo la kwanza hadi la pili bila daraja.

Mfano uko hapa hapa kwetu. Ronald Ngala, mwana wa Giriama, alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Aliiongoza KADU, akaitetea siasa ya majimbo, akashindwa na KANU ya Jomo Kenyatta katika uchaguzi wa Mei 1963. Novemba 1964 akakivunja chama chake na kujiunga na serikali. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba majimbo yalikuwa wazo la wasaliti na waoga. Lakini mwaka 2010 taifa lenyewe, kwa kura ya maoni, likakubali katiba ya ugatuzi, na sehemu kubwa ya lile alilolitaka Ngala, kwamba watu wa mbali na Nairobi wawe na serikali karibu nao, ikarudi kwa mlango wa mbele. Basi aliyeshindwa si lazima awe amekosea. Na aliyeshinda si lazima awe amepatia. Sanduku la kura linasema nani atawala; halisemi nani alikuwa na haki.

Kwa sababu hiyo twapendekeza maswali matatu ya kumpimia mtu aliyeshindwa. Je, alijua alilokuwa akilitenda? Je, alikuwa na njia nyingine? Na je, ni nani aliyelipa gharama?

Tukimpima Raila kwa maswali hayo, mizani haiendi upande mmoja. Alifungwa kizuizini mara tatu kati ya mwaka 1982 na 1991, na alikuwa na njia nyingine: angeomba radhi akaenda nyumbani. Gharama aliilipa yeye na jamaa yake. Mwaka 2002 aliposimama na kusema Kibaki atosha, aliweka kando tamaa yake mwenyewe ili upinzani usigawanyike tena kama ulivyogawanyika mwaka 1992. Mwaka 2008, baada ya watu zaidi ya elfu moja kuuawa, alikubali nusu ya serikali ilhali aliamini kuwa yake ni nzima. Mwaka 2013 na 2022 alisema wazi kwamba hakubaliani na mahakama, lakini akaheshimu uamuzi wake. Mtu wa tabia haba hafanyi hayo.

Upande wa pili nao una uzito. Mwaka 2017 mahakama ilimpa alichokiomba, ikaufuta uchaguzi tarehe 1 Septemba. Naye akasusia marudio ya tarehe 26 Oktoba, kisha tarehe 30 Januari 2018 akala kiapo katika bustani ya Uhuru kuwa rais wa wananchi. Alijua alilolitenda, na njia nyingine zilikuwapo. Waliolipa gharama walikuwa vijana wa mitaa ya kimaskini waliopigwa risasi katika maandamano, na ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2023. Kila mara vurugu zilifuatwa na mapatano: na Moi, na Kibaki, na Uhuru, na mwisho na Ruto, tarehe 7 Machi 2025. Amani iliyopatikana haikuwa ya bandia, na hatuidharau. Lakini wakubwa walipoingia ndani kuketi, madai ya wafuasi mara nyingi yalibaki barazani pamoja na viatu.

Hapa Kilifi tunayajua madai hayo kwa majina. Maskwota wa ukanda wa maili kumi, ambao babu zao walipoteza ardhi kwa sheria ya mwaka 1908 iliyodai hati kwa watu wasiokuwa na hati, bado wanaishi juu ya ardhi isiyo yao kwa sheria. Wakazi wa Gongoni wangali wanazozana na mashamba ya chumvi. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilianguka, na wakulima wakaachwa na mikorosho yao. Raila aliyataja mambo haya majukwaani kwa miaka mingi, akapendwa kwa kuyataja. Alipokuwa Waziri Mkuu, kuanzia 2008 hadi 2013, alikuwa na nafasi ya kuyasukuma kuliko wakati mwingine wowote. Hayakwisha. Hilo pia liandikwe katika karatasi yake.

Hukumu yetu basi ni hii. Alishindwa mwaka 2022 zaidi kwa maamuzi yake kuliko kwa hila za wengine: aliiazima nguvu ya serikali akaupoteza ukali wa ulimi wake, akaichukulia Pwani kuwa mali iliyokwisha kupatikana, na akaiacha kazi ndogo ndogo ya vituo mikononi mwa watu wasioijali. Lakini kushindwa kwake hakufuti ujasiri wake, wala ujasiri wake haufuti makosa yake. Mwanafunzi anayeweza kuyashika yote mawili kwa mkono mmoja amekwisha kuelimika.

Na somo lisiishie kwa marehemu. Wale karibu nusu ya wapiga kura wa Kilifi waliokaa nyumbani nao walifanya uamuzi, nao wanastahili kuulizwa maswali yale yale matatu. Wengi walikuwa na sababu ya kuchoka. Lakini mwaka 2027 uko mlangoni, na wanafunzi wengi wa kidato cha nne wa leo watakuwa na kura zao. Anayetaka kuthaminiwa na mgombea asiwe wa kupatikana bure, wala asiwe wa kukosekana siku ya kura. Ajitokeze, aulize juu ya ardhi na bandari na korosho, na asiondoke barazani mpaka ajibiwe.