Safu Tatu Hazienei Katika Simu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe maoni yangu juu ya ukurasa wa intaneti wa shule yetu. Wenzangu wa chama cha kompyuta wameupanga kwa safu tatu, kama gazeti, na kwenye kompyuta wapendeza kweli. Lakini hapa Katumba ni wazazi wangapi wenye kompyuta? Jumapili niliufungua katika simu ya baba. Safu zilibanana, maneno yakakatika, hata tarehe ya kufungua shule hakuiona. Alinirudishia simu bila neno, nami nikaona haya.

Dawa ipo. Ethan Marcotte wa Marekani aliieleza mwaka 2010: ukurasa ujipange kwa kadiri ya upana wa kioo. Katika WordPress tunayoitumia kiko kitufe cha kuzishusha safu moja chini ya nyingine zifikapo kwenye simu. Wenzangu wamekizima, ati picha zisihame! Nasema kiwashwe. Tena safu ya kushoto ndiyo itakayokaa juu, na leo imejaa picha za mpira (nami nimo, golini). Tarehe na matokeo yawekwe humo; picha zingoje chini.

Mwenye sababu ya kukataa na aijibu katika toleo lijalo.

Ndimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu