Kanga Ikigoma Kufunga

Mama zangu na dada zangu wa Mikese, hasa nyie mnaokimbizana na malori pale mizani na beseni la machungwa kichwani, leo nina neno kuhusu fundo la kanga. Kama mwezi uliopita lilikaa vizuri na sasa ncha hazikutani, huku mikono na mashavu yanazidi kukonda, hicho si kitambi. Na kama matonge mawili tu umeshiba, haja ndogo inakuita kila saa, kinena kinavuta, wiki ya tatu sasa, usiishie kununua dawa ya UTI dukani.

Nina wasiwasi na saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai. Huanza kimyakimya. Kijijini likipigwa yowe la mwizi, watu hutoka na marungu. Mwili nao una yowe lake: protini ndogo ziitwazo saitokini, zinazoita chembe nyeupe za damu kwenye jeraha. Kila yai likitoka, ovari huchanika kidogo, yowe hupigwa, jeraha hupona, watu hurudi kulala. Mwaka 1971 daktari Mmisri, Mahmoud Fathalla, alitoa hoja kwamba kuchanika huko kusikokoma ndiko kunakofungulia saratani mlango. Na kweli, mimba, kunyonyesha na vidonge vya uzazi wa mpango, vinavyoipumzisha ovari, hupunguza hatari.

Balaa ni kwamba mwizi huyu akishaingia, hupiga yowe yeye mwenyewe, usiku na mchana. Saitokini moja, intalukini-6, husaidia uvimbe kukua na kujivutia mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo huvuja, maji yakajaa tumboni. Ndiyo yanayogombana na kanga.

Maji tumboni huletwa pia na kifua kikuu cha tumbo au ini bovu, kwa hiyo asikubashirie mtu, awe mganga au jirani. Kile kipimo cha siki nacho huangalia mlango wa kizazi tu, ovari hakiioni. Omba altrasaundi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo hapo Morogoro mjini, na wakitilia shaka watakuandikia rufaa, pengine hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar.

Nanyi wajomba, Uluguru hii neno lenu kwa watoto wa dada zenu lina uzito, hata posa hamrukwi. Basi uzeni jogoo, nauli ipatikane. Mpwa wenu aende Jumatatu, asingoje mavuno.