Kezilahabi Mikononi mwa Wahakiki

Tangu Euphrase Kezilahabi alipofariki dunia mnamo Januari 2020, imekuwa vigumu kumpata mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anayemtaja bila kumvisha taji. Tasnifu humwita gwiji, makongamano humwita mwanamapinduzi, na aghalabu sifa hizo hutangulizwa katika aya ya kwanza ili mtafiti apate kuendelea na nadharia yake pasipo kusumbuliwa tena na Kezilahabi mwenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba mwandishi huyo alitendewa haki zaidi na waliomshutumu katika miaka ya 1970 kuliko anavyotendewa na wengi wanaomsifu leo.

Dai hilo litawakera baadhi ya wasomi, maana shutuma zenyewe zinajulikana. Rosa Mistika (1971), iliyochapishwa hapa Nairobi, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa hoja kwamba ingewapotosha vijana. Hoja hiyo haina mashiko. Riwaya inayoanza na kipigo cha baba mlevi, Zakaria, na kumfuata binti yake hadi anapojiua, haiwezi kusemwa kuwa inausifu ufuska. Hata hivyo, waliotaka ifungiwe walikuwa wameng'amua jambo ambalo wasifu wa leo hulipita mbio: kitabu kile hakikuridhika kuulaumu usasa, bali kiliingia nyumbani na kuulaumu ukali unaojiita malezi. Walikiogopa kwa kuwa walikielewa.

Kichomi (1974) ilizua zogo kubwa zaidi. Kwa washairi waliolelewa na kanuni alizozikusanya Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954, tungo zisizo na vina wala mizani zilikuwa nathari iliyokatwakatwa tu, tena nathari ya msomi aliyeshindwa kazi ya malenga. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi waliwajibu katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), na katika suala la fasili ya ushairi wanamapokeo hawakuwa na la kusimamia. Lakini waliuliza swali moja la haki kabisa: utungo ukishaacha vina na mizani, unashikiliwa na nini? Mshororo unakomea hapa kwa nini, na si pale? Mtu aliyezoea kuuimba ushairi anajua kwa sikio lake mahali mshororo unapokatika. Ana haki ya kuambiwa ni kitu gani kimechukua nafasi ya sikio hilo.

Swali hilo halijajibiwa na sifa. Badala yake, wahakiki wamekariri kwamba Kezilahabi "alivunja minyororo ya arudhi", kana kwamba kuvunja ni sifa inayojitosheleza. Matokeo yake yanaonekana katika madarasa ya Kenya. Mtahiniwa wa shule ya sekondari huulizwa athibitishe kwamba utungo fulani ni shairi huru, naye hutaja kwamba hauna urari wa vina, kwamba mizani inatofautiana, kwamba mishata ni mingi, akapata alama zake. Hajasema lolote kuhusu shairi. Ametaja vitu ambavyo havimo. Uhuru umegeuzwa bahari nyingine ya kukaririwa, na hata wanamapokeo wangelicheka.

Wahakiki wa mrengo wa kushoto nao walimshutumu kwa kukata tamaa. Walisema anaonyesha ugonjwa bila dawa, na walimtaja Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975), anayemuua afisa wa serikali na kuhukumiwa kifo. Walitaka shujaa wa ujamaa, naye hakuwapa. Lakini angalau waliisoma riwaya hadi mwisho na kugombana na mwisho huo.

Siku hizi hakuna mgombano kwa sababu neno limepatikana: udhanaishi. Kichwamaji (1974) inasifiwa kuwa riwaya ya kidhanaishi, jina la Camus likatajwa, na kazi ikaisha. Lakini Kazimoto hajiui kwa kuwa amesoma falsafa ya Ufaransa. Nyuma yake kuna Rukia, umbu lake aliyepewa mimba na Manase akafa. Kuna kisasi kinachomfikisha katika ndoa na Sabina, dada wa Manase. Kuna mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa mfano wa mtoto wa Manase mwenyewe. Na kuna elimu iliyomtenga na kijiji chake pasipo kumpa makao pengine. Falsafa imo, hapana shaka, lakini imo ndani ya ugomvi wa nyumba mbili zinazojuana. Mhakiki anayeanza na Camus hafiki kwa Rukia. Ni kejeli iliyoje, kwani Kezilahabi huyu ndiye aliyeandika tasnifu yake ya uzamifu mnamo 1985, huko Wisconsin, juu ya tatizo la kufasiri fasihi ya Kiafrika!

Nagona (1990) na Mzingile (1991) ndizo zilizoumia zaidi, kwa vile hazikubahatika hata kupata maadui. Zilipokewa kwa heshima ya mbali, zikaitwa riwaya za majaribio, zikawekwa juu kabatini. Mtafiti akikuta Nietzsche, Marx na Freud wametajwa katika kurasa za Nagona, huorodhesha majina hayo na kutangaza mwingilianomatini. Yapo maswali magumu zaidi. Kwa nini mtunzi aliyewahi kututembeza katika vijiji vya Ukerewe, penye ziwa na watu wenye jina la baba na la babu, aliamua kutupeleka mahali pasipo ramani? Je, ngoma kuu ni tumaini au ni dhihaka? Na ikiwa ni tumaini, wale waliomshutumu kwa kukata tamaa walikuwa wamekosea tangu awali, au ni yeye aliyebadilika? Mtafiti anayetaka kujibu atalazimika kuisoma Nagona sambamba na Kichwamaji, sentensi kwa sentensi, na kukubali kwamba huenda akaona udhaifu mahali ambapo msimamizi wake alishaona ugwiji.