Usitupe Mbachao: Utetezi wa Kaseti

Wamezuka miongoni mwetu wajuzi wa muziki ambao, wakiulizwa chombo kipi kinafaa kusikilizia nyumbani, hujibu bila kusita: santuri. Santuri, wanasema, ina sauti nzito na ya kweli. Sidii ni safi lakini haina uhai. Kaseti ni takataka. Hukumu hiyo wameiokota Ulaya na Marekani, ambako santuri zimerudi madukani kwa bei ya juu, nao wanairudia kana kwamba imetolewa barazani petu. Makala hii inaipinga.

Tuanze na sauti, maana ndiko wanakojivunia. Hatukatai kwamba kaseti ina kasoro. Utepe wake, uliotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, una upana usiofika milimita 4, na hupita mbele ya kichwa cha mashine kwa mwendo usiofika sentimita 5 kwa sekunde. Utepe wa studio huwa na upana wa milimita 6 na ushei, na hupita kwa sentimita 19 au 38. Nafasi ikiwa finyu na mwendo ukiwa mdogo, mvumo husikika chini ya muziki. Sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, haina mvumo huo, kwa kuwa husomwa kwa mwanga bila kuguswa. Nayo santuri mpya, ikipigwa kwa sindano nzima, huishinda kaseti kwa mbali. Hayo tunayakubali.

Lakini je, muziki ni sauti tu? Muziki wetu ni shairi pia, na shairi lina urefu wake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri za siku zile, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika tatu na ushei tu kila upande. Wimbo wa taarab, ambao ukumbini huimbwa ubeti kwa ubeti na kurudiwa huku mwimbaji akitunzwa, ilibidi ufupishwe au ukatwe vipande viwili, msikilizaji akiinuka kugeuza sahani katikati ya maana. Santuri ndogo za mizunguko 45 ziliendeleza ukataji huo. Nyimbo nyingi za dansi ziligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Santuri kubwa ya mizunguko 33 ilileta nafuu, lakini ilidai mashine na fedha ambazo nyumba nyingi hazikuwa nazo. Anayeisifu santuri kwa ukweli wake na akumbuke ni beti ngapi ilizoziacha nje.

Jambo la pili ni zito zaidi: nani ana uwezo wa kurekodi? Santuri hutengenezwa kiwandani, na kiwanda kilikuwa mbali. Siti alivuka bahari kwenda India. Baadaye bendi za Tanzania, ya Mbaraka Mwinshehe ikiwamo, zilitegemea sana Nairobi. Na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Msikilizaji wa santuri hupokea alichochaguliwa na mwenye kiwanda. Kaseti ilivunja utaratibu huo. Kwa redio-kaseti ya betri, mtu wa kijiji kisicho na umeme aliweza kunasa ngoma ya arusi, utenzi uliosomwa na bibi yake, au salamu za sauti kwa ndugu yake aliyeko Muscat. Dakika 30 au 45 kila upande zilitosha kuuacha wimbo umalizike wenyewe. Nyumba iliyokuwa soko la muziki ikageuka kuwa studio.

Tutajibiwa kwamba kaseti hiyohiyo iliwaibia wasanii. Shutuma hiyo ni ya haki. Wanakili walizalisha kanda barazani na sokoni, na mwanamuziki hakuona senti. Lakini kaseti zilikwisha kuenea tangu miaka ya 1970, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999. Jembe likitumiwa kulima shamba la mtu bila idhini yake, hatulihukumu jembe.

Kwa nini tushikilie hoja hii leo? Kwa sababu dharau huzaa hasara. Santuri ilitolewa kwa wingi. Yangu ikivunjika, huenda nakala nyingine imehifadhiwa mahali. Kaseti ya arusi iliyochezwa Pangani au Lamu ni moja tu duniani. Imo katika sanduku chini ya kitanda, inaliwa na joto, unyevu na kuvu, na mwenye nyumba akisikia kwamba kaseti ni takataka, huitupa.

Walimu na wanafunzi, kazi hii ni yenu. Ulizeni majumbani kabla sanduku halijatupwa. Kanda yenye kuvu msiipige. Mpeni fundi kwanza. Zilizo nzima zisimamisheni mahali pakavu, mbali na jua na sumaku za vipaza sauti. Hamisheni sauti kwenye kompyuta, na nakala ziwekwe mahali pawili au zaidi. Juu ya yote, andikeni jina la mwimbaji, mtunzi na wapiga ala, mahali na mwaka, maadamu wako wanaokumbuka. Kanda isiyo na majina ni yatima.

Wahenga walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Santuri iliyorudi kwa mbwembwe ni msala upitao. Mbachao wetu umo sandukuni, na bibi aliyesoma utenzi ule hatausoma tena.