Oili ya Gari la Mbio: Nzito Siyo Bora

Mfanyakazi wa mgodini akishapata uhakika wa mshahara, mojawapo ya mambo anayoyatamani mapema ni gari. Akiwa bado kijana, aghalabu huchagua lile lenye nguvu kupita mahitaji yake: Subaru Impreza au Forester yenye tabo, ama Toyota Altezza, gari la mbio lililouzwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005 na ambalo hutufikia likiwa mtumba. Magari ya namna hiyo si mageni katika barabara itokayo Kahama kwenda Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu. Hatumlaumu mtu kwa kununua akipendacho kwa jasho lake. Makala yetu ya leo yahusu jambo moja linaloamua iwapo gari hilo litakuwa mali ya familia au mzigo wa familia, nalo ni oili ya injini.

Imani iliyoenea katika gereji nyingi ni kwamba nchi yetu ni ya joto, na kwa hiyo oili nzito ndiyo ifaayo. Mwenye gari hufika na kusema, "Fundi, niwekee ile nzito, hili limeshatembea sana." Naye fundi, asiyependa kubishana na mteja, humimina. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake enzi za Land Rover na Peugeot 404, ambazo nafasi kati ya vyuma vyake ilikuwa kubwa. Injini ya Altezza au ya Subaru ya miaka ya karibuni ni kitu kingine. Nafasi zake ni finyu, na baadhi ya viungo vyake, kama vile mtambo unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu, huendeshwa kwa nguvu ya oili ipitayo katika vitundu vyembamba. Oili nzito mno hukawia kufika huko injini inapowashwa asubuhi, na ni katika sekunde hizo chache ambapo chuma husagana na chuma.

Basi tusome kopo. Tuseme limeandikwa 5W-30. Wengi hudhani herufi W ni uzito. La hasha! Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu iliyo mbele yake huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili hukimbia upesi zaidi. Tarakimu ya mwisho huonyesha uzito wa oili injini inapokuwa ya moto, na kipimo chake huchukuliwa katika nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo oili ya 5W-40 ni nzito kuliko 5W-30 wakati wa kazi, lakini wakati wa kuwasha zote mbili zimo katika daraja moja.

Ni ipi ya kuchagua? Jibu limo ndani ya gari lenyewe. Kitabu cha maelekezo cha magari haya huandikwa Kijapani, lakini tarakimu hazina lugha. Kifungue utafute penye 5W-30 au 5W-40, na utazame pia kifuniko cha mahali pa kutilia oili, kwani mara nyingi huwa kimeandikwa. Ikiwa injini imetembea sana na imeanza kula oili kidogo, yawezekana kupanda daraja moja, tuseme kutoka 30 hadi 40, kwa ushauri wa fundi anayeijua injini hiyo. Lakini gari linalotoa moshi wa bluu haliponi kwa oili nzito. Ugonjwa wake umefichwa tu, na siku ya kushusha injini imeahirishwa.

Tazama pia herufi zinazofuata neno API. Kwa kawaida herufi S ni alama ya injini za petroli, na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata S huonyesha umri wa kiwango: SL ni cha mwaka 2001, SN cha 2010, na SP cha 2020. Kiwango kipya kwa kawaida hukidhi mahitaji ya injini iliyotengenezwa kabla yake. Kwa hiyo oili ya vidumu visivyo na lebo, ambayo muuzaji anaisifu kuwa ni "ya mitambo mikubwa", si bahati ya kukimbilia. Mtambo wa dizeli una mahitaji yake, na gari lako lina yake.

Mwenye tabo ana wajibu zaidi. Tabo ni feni inayosukumwa na moshi wa injini ili kuishindilia hewa katika silinda, na mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja ukielea juu ya utando wa oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayoupoza. Ndiyo maana oili ya sintetiki, ambayo huvumilia joto kuliko ya kawaida, inastahili bei yake hapa. Na ndiyo maana haifai kuzima gari papo hapo baada ya mwendo mkali. Liache lingurume taratibu kwa dakika moja au mbili, ama sivyo oili iliyosimama kwenye tabo itaungua na kugeuka masizi.

Jina la Subaru lilipata heshima katika Afrika Mashariki kwa ushindi wake katika mashindano ya Safari Rally, miongoni mwao ule wa mwaka 1997 na ule wa 2000. Lakini tukumbuke kwamba gari la mashindano husubiriwa na kundi la mafundi njiani. Vijana wetu wameiga mwendo, matunzo hawakuyaiga.

Hata hivyo, mfanyakazi wa mgodi hahitaji kwenda mbali kujifunza matunzo. Mashine za kazini huhesabiwa saa zake, na hupewa oili mpya saa hizo zikitimia, hata kama zinanguruma vizuri. Mtu huyohuyo, akitoka zamu, huliendesha gari lake miezi minane bila kuvuta kijiti cha kupimia oili! Watengenezaji wa Japani wameshauri kwa kawaida kwamba gari la petroli lenye tabo libadilishwe oili kila kilomita 5,000 au miezi 6, na nusu ya hapo katika mazingira magumu. Vumbi ni mojawapo ya mazingira hayo. Badilisha na filta yake, na usisahau filta ya hewa. Pima oili kila juma, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa. Andika tarehe na kilomita katika daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Wakati wa kununua, nenda kwa muuzaji anayejulikana na ambaye hutoa risiti. Kagua kizibo kama hakijaguswa, na utafute alama ya ubora ya TBS. Kopo likiisha, litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa uchafu na kuuzwa kwa jirani yako. Oili chafu nayo isimwagwe karibu na kisima. Iachwe gereji kwa wanaoikusanya.

Akina mama nao wasilione jambo hili kuwa ni la wanaume peke yao. Fedha ya oili iingizwe katika bajeti ya nyumba pamoja na unga na ada ya shule, kwa sababu siku injini itakaponoki, fedha ya injini ya mtumba haitatoka mfukoni mwa baba peke yake. Itatoka katika ada hiyo, katika matofali ya kiwanja, au katika mkopo wa chama cha akiba ambao nyumba nzima itaulipa kwa miezi mingi. Makopo machache ya oili sahihi kwa mwaka ni gharama nafuu kuliko hayo yote.