Pikipiki ya bendera ina breki ngapi?

Mzazi, kijana akikuonyesha kwenye simu ile pikipiki ya Kimarekani yenye bendera kwenye tangi, usimkatishe. Mwulize kwanza ina breki ngapi.

Ni Harley-Davidson ya filamu ya Easy Rider, ya mwaka 1969. Kazi ya kuiunda iliwahusu Wamarekani Weusi wawili, Cliff Vaughs na fundi Ben Hardy wa Los Angeles. Filamu haikuwataja, na hilo nalo watoto walijue. Harley kuukuu za polisi zilinunuliwa mnadani, zikavuliwa kila kilichoonekana cha ziada. Vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele vikarefushwa, nyuma hakuna shokapu, na mbele hakuna breki kabisa.

Inapendeza kweli. Lakini pikipiki ikifunga breki, uzito mwingi huhamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Hapa haipo. Kona ya polepole ni kazi, na kila shimo hupanda hadi mgongoni.

Kijana akitaka kuipamba pikipiki yake, rangi na usukani mtazungumza. Breki ya mbele haifunguliwi.